Msimkalishe Mzee: Mwendo wa Mwili na Kumbukumbu Uzeeni

(Mhadhara uliotolewa mjini Baraka, Kivu Kusini, mbele ya walimu, wauguzi, viongozi wa dini na wazee)

  

Kusudi langu leo ni moja. Nataka kuwaonyesha kwamba mwili unaoendelea kutembea uzeeni huisaidia akili kushika mambo, na kwamba namna tunavyowaheshimu wazee wetu hapa, yaani kuwakalisha kitini na kuwapokonya kila kazi, inawadhuru watu tunaowapenda. Najua kuna atakayenuna. Naomba anune baada ya kunisikiliza.

Niseme kwanza kwa nini habari hii inatuhusu sisi wa Fizi kuliko wengi. Nchi nyingine zina nyumba za kumbukumbu za taifa, makabati ya karatasi, rejista za ardhi. Sisi karatasi zetu zimeungua mara ngapi? Mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwezi wa Aprili, akakaa katika milima yetu hadi Novemba, akaondoka. Maandishi yake yamechapishwa kuwa kitabu na yanasomwa duniani kote. Mwaka huohuo, mwishoni mwa Septemba, mamluki wa Mike Hoare walishuka ufukweni hapa Baraka, na Hoare naye aliandika ya kwake. Je, yule mama aliyekimbia na mtoto mgongoni kuelekea Ubwari aliandika wapi? Hakuandika. Yumo kichwani mwa mtu ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na leo amefika sabini. Vivyo hivyo mauaji ya Makobola ya mwisho wa 1998, mpaka wa shamba la ukoo, deni la ng'ombe wa mahari, nani alimpokea nani Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania, baada ya kambi ya wakimbizi kufunguliwa mwaka 1996. Kesi ya shamba ikifika mbele ya mkuu wa kijiji, shahidi anayeitwa ni mzee. Penye wazee haliharibiki neno, ndivyo tunavyosema. Lakini wazee wenyewe wakiharibikiwa na kumbukumbu, neno litahifadhiwa na nani?

Basi niingie kwenye hoja.

1. Kusahau kwingine ni ugonjwa, wala si uchawi

Kila anayezeeka husahau. Kutafuta miwani iliyo juu ya paji la uso, kulikosa jina la mtu na kulipata ukiwa umeshafika nyumbani, hayo ni ya umri. Ugonjwa ni kitu kingine. Mama aliyepika sombe maisha yake yote anatia chumvi mara tatu katika chungu kimoja. Mzee anapotea njia ya kanisa analosali tangu ujana. Anauliza swali, anajibiwa, na kabla chai haijapoa analiuliza tena kana kwamba halijawahi kutoka kinywani mwake. Madaktari huiita hali hii demensia. Alzheimer ndiyo sababu yake kubwa. Nyingine ni kuziba au kupasuka kwa mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo, mara nyingi kwa sababu ya tansio (shinikizo la juu la damu) isiyotibiwa.

Wako wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa jirani, Tanzania, katika wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita katika vijiji sita na kuwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Waliona kwamba katika kila mia, zaidi kidogo ya sita walikuwa na demensia. Hao ni wakulima wa migomba na kahawa, si watu wa maghorofani. Na hapa nchini kwetu Jean Ikanga, mtaalamu Mkongomani wa saikolojia ya ubongo anayefanya kazi kati ya Kinshasa na Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani, amekuwa akitengeneza vipimo vinavyomfaa Mwafrika. Kazi hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Ukimpa bibi ambaye hajawahi kushika kalamu achore saa ya ukutani, hujampima kumbukumbu, umempima shule.

Kwa nini nakazia kwamba ni ugonjwa? Kwa sababu mnajua linalotokea tusipokazia. Bibi anaanza kutangatanga usiku, anaongea na mumewe aliyekwisha kufa, anamshuku mkwewe kuwa amemwibia kitenge. Jirani mmoja ananong'ona, wa pili anaongeza chumvi, na kabla ya Jumapili bibi ni mchawi. Mwaka 2021 vyombo vya habari viliripoti wanawake waliochomwa moto au kuuawa na makundi ya watu katika jimbo letu hili kwa tuhuma za aina hiyo. Siwezi kusema kila mmoja wao alikuwa mgonjwa wa kusahau. Nasema tu kwamba bibi anayesahau ndiye rahisi kumshuku, maana hawezi hata kueleza alikuwa wapi jana. Wachungaji na masheikh mlio hapa, neno lenu Jumapili na Ijumaa linaweza kuokoa mtu kabla ya sisi wa hospitali kufika.

2. Miguu inapokwenda, ubongo hulishwa

Ubongo ni kama sehemu mbili katika mia za uzito wa mwili, lakini hula karibu sehemu ya tano ya oksijeni yote tunayovuta. Ni mlaji mkubwa asiye na ghala. Damu ikichelewa dakika chache tu, sehemu iliyonyimwa huanza kufa, na huko ndiko kiharusi kinakotoka. Kwa hiyo lolote linaloufanya moyo usukume damu vizuri, na mishipa ibaki laini, ni chakula cha ubongo.

Madaktari wa moyo walilijua hili zamani. Mwaka 1953 Jeremy Morris alichapisha utafiti wake juu ya mabasi ya ghorofa ya London. Kila basi lilikuwa na dereva aliyekaa siku nzima na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Mshahara haukupishana sana, barabara ni ileile, moshi ni uleule. Makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. (Naona wamotari wawili, waendesha pikipiki, pale nyuma wanatazamana. Ndiyo, nyinyi ni madereva.)

Ilichukua muda zaidi kuuchungulia ubongo wenyewe. Ndani yake, kila upande usawa wa sikio, kuna sehemu ndogo iliyojikunja iitwayo hipokampasi. Hapo ndipo kumbukumbu mpya hupokelewa kabla hazijapelekwa kwingine. Ndiyo maana mgonjwa wa Alzheimer anaweza kukusimulia harusi yake neno kwa neno na asijue kama amekula leo: ya zamani yalishahifadhiwa, ya leo hayana mlango wa kuingilia. Kwa mtu mzima wa kawaida hipokampasi husinyaa kidogokidogo kadiri umri unavyosonga.

Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa watu 120 wenye umri wa miaka 55 hadi 80 ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi. Kundi moja lilitembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. Kundi la pili lilikutana vilevile, lakini kazi yake ilikuwa kunyoosha viungo tu. Mwisho wa mwaka waliotembea hipokampasi yao ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 2. Ya wale wengine ilikuwa imepungua kwa asilimia 1.4. Kutembea tu, ndugu zangu. Hapakuwa na mashine wala viatu vya bei.

Niwe mkweli: si kila jaribio lililofuata lilipata tofauti ya namna hiyo, na ubongo kuonekana mkubwa kwenye picha si sawa na kukumbuka vizuri. Lakini ushahidi umetoka pande nyingi na unaelekea njia moja. Misuli ikifanya kazi, mwili hutoa zaidi protini iitwayo BDNF, inayosaidia chembe za ubongo kuishi na kuungana. Sukari hutulia katika damu. Tansio hushuka. Usingizi wa usiku huwa mzito, na usingizi ni saa ya ubongo kuyapanga ya mchana. Huzuni nayo hupungua, na katika nchi iliyoona vita kama yetu hilo si dogo, maana huzuni ndefu ni moja ya mambo yanayokula kumbukumbu.

3. "Sisi tayari tunachoka"

Nikisema haya vijijini, kuna mzee ambaye hucheka. Mazoezi? Ya nini? Mimi nimelima tangu nikiwa na meno ya utoto.

Ana haki ya kucheka. Watu wanaotembea kwa kazi zao wana mengi ya kuufundisha ulimwengu. Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, walipovalishwa vipimo, ilionekana wanatumia zaidi ya saa mbili kwa siku katika mwendo wa kuchangamsha moyo, na wazee wao hawakuachwa nyuma sana na vijana. Bolivia kuna watu wa msituni waitwao Tsimane, wavuvi na wakulima kama sisi. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo kwamba kati ya Tsimane 435 wenye miaka 60 na zaidi, wenye demensia walikuwa kama mmoja tu katika mia. Ni miongoni mwa viwango vya chini kabisa vilivyowahi kupimwa.

Tazameni ufukweni kwetu asubuhi, mitumbwi inaporudi na taa zake zimezimwa. Mama wa miaka sabini na kitu anaingia majini hadi magoti kuwahi ndagala, yaani dagaa. Anakadiria beseni kwa jicho, anabishana bei, anabeba, anapanda mchanga, anachuchumaa na kuzitandaza moja moja zisilaliane. Anainuka, anafukuza kuku, anachuchumaa tena. Muda wote huo kichwani ana hesabu: nani alichukua kwa mkopo juzi, nani alilipa nusu, mvuvi gani anamdai yeye. Hakuna daftari. Mkinitaka nibuni zoezi bora la akili na mwili kwa pamoja, sitapata la kulishinda hilo. Huyo mama sina la kumfundisha, ila kumwomba apime tansio.

Lakini si wote tuko hivyo tena, na hapa ndipo mzee wangu anayecheka asimame kidogo. Baraka ya leo si ile ya 1980. Watu wameteremka kutoka milimani na kutoka Lulenge wakikimbia bunduki. Shamba limebaki kule, saa nyingi za mwendo, na njia yake haina usalama. Aliyekuwa akipanda kilima kila siku sasa ana chumba kimoja na ua wa hatua kumi. Kambini Lusenda, ndugu zetu Warundi waliokuja tangu 2015 wamezeekea katika kiwanja kidogo hivyohivyo. Ziwa nalo limepanda miaka hii na kumeza nyumba na njia za pwani. Halafu kuna pikipiki. Miaka ishirini iliyopita kwenda Mutambala kulikuwa kutembea. Sasa ni kuinua mkono.

Na kati ya mume na mke kuna tofauti ambayo hatupendi kuisema. Mama huwa hastaafu. Hata akiwa na miaka themanini atachambua mboga, atafagia, atambeba mjukuu. Baba anastaafu mapema mno. Nguvu zikimpungua kidogo anaingia lubunga, kibanda cha mazungumzo cha wanaume, na hatoki humo hadi jua lizame. Lubunga ni kitu kizuri, na nitarudi kukisifu, maana mazungumzo na kesi za ukoo huinoa akili. Ila mtu akikaa humo saa nane, akiletewa ugali, akiletewa maji, akiletewa hata kaa la kuwashia kiko, miguu yake itamwacha kabla ya rafiki zake.

4. Kiti

Hii ndiyo hoja niliyojia, kwa hiyo mtaniwia radhi nikikawia.

Mila yetu inasema mzee hatumwi. Mtoto akimwona babu ameshika jembe atalichukua. Mama mkwe akiinuka kuchota maji, mkamwana atakimbia asije akasemwa na majirani: tazama, anamtumikisha mzee. Kijana aliyefanikiwa Uvira, Bukavu au Lubumbashi, au aliyepelekwa Marekani kutoka kambini, jambo la kwanza analomfanyia mzazi ni kumtumia pesa ili apumzike. Ananunua kiti kizuri, godoro nene, redio. Anaajiri msichana wa kazi. Anapiga simu: "Mama, usifanye kitu. Umeshateseka vya kutosha." Ni upendo wa kweli, siudharau hata chembe.

Sasa tuangalie kinachofuata. Mwezi wa kwanza mama anafurahi. Mwezi wa tatu magoti yanauma akiinuka, kwa sababu misuli ya mapaja isiyotumika huyeyuka upesi uzeeni, upesi kuliko ujanani. Magoti yakiuma, anaacha kwenda sokoni. Akiacha soko, anaacha hesabu, anaacha kubishana bei, anaacha habari za nani amezaa na nani amefiwa. Anaacha kwenda kanisani kwa mguu; anasubiri pikipiki, siku nyingine haiji. Watu aliokuwa akiwaona kwa wiki, hamsini au sitini, wanakuwa watano, na wote watano wanamwambia keti. Mchana anasinzia, usiku hapati usingizi. Tansio inapanda polepole bila kelele. Mwaka wa pili mtoto anapiga simu, mama anamwita kwa jina la kaka yake.

Je, kiti ndicho kilichomletea ugonjwa? Huenda ugonjwa ulikuwa njiani. Madaktari hujua kwamba mtu anayeanza kuugua demensia hupunguza mwendo miaka kadhaa kabla hajatambuliwa, kwa hiyo si rahisi kusema lipi lilitangulia. Lakini katika orodha ya visababishi vinavyoweza kuzuilika iliyotolewa na tume ya jarida la Lancet mwaka 2024, tafuteni mama wa kitini yuko wapi. Kutojongea, yumo. Upweke, yumo. Tansio, sukari, huzuni, uzito wa mwili: yumo kote. Kiti kimoja kimefungua milango sita.

Kwa hiyo nasema kwenu watoto wa nyumba hizi, na kwa wale walioko mbali watakaosoma mhadhara huu ukishachapishwa: tumeni pesa, ndiyo. Lipeni dawa ya tansio. Lipeni miwani. Lakini msinunue uvivu wa mama yenu. Mwacheni achote maji kidogo, si bidoni ya lita 20, lita tatu nne zinatosha. Mwacheni aende sokoni mwenyewe, na msichana wa kazi ambebee tu kikapu wakirudi. Mkitaka kumheshimu baba, mwombeni awapeleke kwa miguu mkaone mpaka wa shamba, huko njia inakoruhusu, na mumwache yeye atangulie. Akisimama kila jiwe akieleza nani alipanda mwembe ule, msimharakishe.

Nanyi wazee, nina neno nanyi. Mnapenda kutuma. Mtoto yuko mbali anacheza, kiberiti kiko hatua sita kutoka mlipoketi, na bado mnaita. Inukeni mkichukue. Heshima haitapungua.

5. Kiasi gani, kwa namna gani

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka watu wazima, wazee wakiwamo, wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Gawanyeni: ni kama nusu saa kwa siku tano. Wa wastani maana yake moyo uende, na uweze kuongea na mwenzako lakini usiweze kuimba. Walio na miaka 65 na zaidi wanaongezewa mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Kuanguka uzeeni ni adui wa ubongo mara mbili: kichwa kinaumia, na aliyeanguka mara moja anaogopa kutembea.

Anayeona nusu saa ni nyingi asikate tamaa. Mwaka 2022 utafiti uliofuatilia Waingereza zaidi ya 78,000 waliovaa vipima hatua uliona kwamba waliopata demensia kwa uchache zaidi walikuwa wale wa karibu hatua 9,800 kwa siku. Lakini hata waliofika 3,800 tu walikuwa na hatari pungufu kwa robo, wakilinganishwa na waliotembea kidogo kabisa.

Nguvu tunaipata bila kununua kitu. Keti kwenye kigoda, inuka bila kushika kitu, keti tena, mara nane au kumi, asubuhi na jioni. Asiyeweza ashike meza, wiki ijayo ashike kwa vidole, baadaye aachie. Kwa kujisawazisha, simama kwa mguu mmoja ukiwa umeegemeza mkono kwenye mwimo wa mlango, huku mtu akiwa karibu. Mwenye maumivu ya kifua, anayezimia, au mwenye tansio iliyopanda sana, aonane na muuguzi kwanza.

Kisha kuna ngoma, na hapa nawaona akina mama mmeinua vichwa. Mwaka 2003 madaktari wa New York walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 469 waliopita miaka 75. Katika shughuli za mwili walizoulizwa, kucheza dansi ndiko pekee kulikoendana na kuugua demensia kwa uchache. Huenda wanaocheza ni wale ambao tayari ni wazima, hilo halikwepeki. Bado naona mantiki yake. Anayecheza lazima asikilize ngoma, akumbuke hatua, amtazame mwenzake, ajisawazishe, na afurahi, yote kwa pamoja. Sisi Babembe ngoma si kitu cha kuagiza nje. Kwaya zetu zinapoingia kanisani hazitembei, zinacheza kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Mama mzee aliyestaafishwa kwaya kwa sababu ya umri arudishwe, hata akiwa mstari wa nyuma. Na utafiti uleule uliwataja pia wanaocheza michezo ya ubao. Kwa hiyo wa lubunga wasikasirike, bao lao na dama zao ni halali, mradi wafike huko kwa miguu.

6. Yasiyowezekana kwa mazoezi

Kwa ufupi. Mazoezi hayaponyi demensia. Mwaka 2018 Waingereza walichapisha jaribio la wagonjwa 494 waliokwisha kuugua: mazoezi makali yaliwaongezea nguvu ya mwili lakini hayakuzuia akili kushuka. Faida kubwa iko kabla ya ugonjwa, yaani miaka ya arobaini, hamsini, sitini. Tume ile ya Lancet ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kama visababishi 14 vingeondolewa, na kutojongea peke yake kulipewa asilimia 2 tu. Masikio mazito yalipewa 7. Atakayewaambia kwamba kutembea kunatosha anawauzia kitu.

Kwa hiyo sikio lisilosikia lichunguzwe. Pombe ya lutuku ipunguzwe, na tumbaku. Mzee ale vizuri kabla ya kuambiwa atembee. Njaa na mazoezi haviendi pamoja. Na mkiona mzee amechanganyikiwa ghafla, jana alikuwa mzima, leo haijui nyumba yake, msimfanyishe mazoezi wala msimwombee nyumbani mkasubiri. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka au kiharusi. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo.

Tunakokwenda

Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba idadi ya watu wenye miaka 60 na zaidi katika Afrika kusini mwa Sahara itaongezeka karibu mara tatu kati ya 2020 na 2050. Vijana mnaonisikia leo mkiwa na miaka thelathini na kitu, wazee hao ni nyinyi. Hatuna madaktari wa wazee wa kutosha, na wa magonjwa ya akili walio karibu nasi ni wale wa kituo cha SOSAME huko Bukavu, safari ambayo wengi hawawezi kuilipa. Hatuwezi kungoja.

Ninaomba mambo matatu, na nimekwisha kuyagusia kwa waheshimiwa kabla ya kuingia ukumbini. Vituo vya afya vitenge siku moja kwa wiki ya kuwapima wazee tansio bila foleni, na muuguzi aulize maswali machache ya kumbukumbu kwa Kibembe, Kifuliiru au Kiswahili, lugha ambayo mzee anaielewa. Shule ziwafungulie wazee viwanja alfajiri kabla ya kengele. Vijana wana mbio zao za futingi Jumapili barabarani, wazee nao wawe na mahali pasipo na pikipiki. Na walimu wa historia wawatoe wanafunzi darasani mara moja kwa muhula, watembee na mzee mmoja wa mtaa hadi mahali anapopajua, bandari ya zamani, au mto alipovukia mwaka 1996, naye asimulie njiani, na wanafunzi waandike. Mzee atapata mwendo wake, na sisi tutapata kitabu ambacho Che na Hoare hawakuweza kukiandika.

Mwalimu mkuu mmoja ameniambia yuko tayari kuanza muhula ujao. Anatafuta wazee watatu wa kumsaidia, na anapendelea wawili wawe akina mama. Majina yenu mtamwachia mwenyewe pale mlangoni. Sasa napokea maswali, na wazee wataanza.